Na Risiti au Bila Risiti?

Hati ya mashtaka ilinifikia kwa WhatsApp nikiwa nimekaa kwenye kimbweta nyuma ya maktaba, zikiwa zimebaki siku nne tufanye mtihani wa Mwenendo wa Jinai. Mama alituma picha mbili. Moja ilipigwa upande upande, na kidole gumba chake kimeziba pembe ya chini. Halafu ujumbe: "Mwanangu, mjomba wako kapewa karatasi hii. We si unasoma sheria? Tuambie inasemaje."

Mara ya kwanza niliisoma kama mpwa, tumbo likiniuma. Mara ya pili niliisoma kama mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa pili na, nakiri mbele yenu, nilifurahi. Hati ilikuwa mbovu. Mbovu kiasi kwamba nilitamani kuwaita wenzangu wa kikundi cha majadiliano waje waione.

Kwanza nimwelezee mjomba. Ana duka la spea Katoro, mkoani Geita. Kama hujawahi kufika Katoro, ni mji uliokua kwa dhahabu na kwa watu wanaowauzia vitu wachimba dhahabu. Mjomba anauza mota za makarasha, mikanda, beringi, mipira ya kuvutia maji kwenye maduara, nyundo na moko. Wateja wake wanaingia dukani na vumbi la mawe kichwani, wana haraka, na wengi wanalipa taslimu. Sisi tunaishi Kahama, upande wa Shinyanga, lakini tangu nikiwa kidato cha tatu kila likizo nilikwenda kumsaidia kaunta. Ada yangu ya mwaka wa kwanza, kabla bumu halijaingia, ilitoka kwenye droo ya duka lile.

Sasa hati. Ilikuwa na mashtaka mawili. La kwanza lilisema kwamba mjomba, "kati ya mwezi Januari na Desemba," katika "maeneo mbalimbali" ya mkoa, alitoa taarifa za uongo kwa ofisi ya kodi. Basi. La pili lilisema kwamba katika kipindi hichohicho aliuza bidhaa kwa "wateja mbalimbali" bila kutoa risiti za mashine. Hakuna tarehe, hakuna bidhaa, hakuna kiasi, hakuna jina wala namba ya waraka wowote.

Mjomba amesajiliwa VAT. Mfanyabiashara wa namna hiyo anapeleka ritani ya VAT kila mwezi, kwa hiyo kwa mwaka ni ritani 12. Ongeza makadirio ya kodi ya mapato mwanzoni mwa mwaka, ongeza ritani ya mwisho wa mwaka, ongeza makato ya mshahara wa yule kijana anayebeba mizigo. Ukimwambia mtu huyo "ulitoa taarifa za uongo kati ya Januari na Desemba," umemwambia nini? Atetee karatasi ipi? Uongo uko kwenye mauzo, kwenye manunuzi, au kwenye mshahara? Alisema pungufu kwa shilingi ngapi?

Sheria yetu inalijibu jambo hili waziwazi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba za toleo la 2022 tulilokuwa tunatumia darasani, inasema katika kifungu cha 132 kwamba hati itaje kosa lenyewe pamoja na maelezo yanayotosha kumpa mshtakiwa picha ya kueleweka ya kile anachodaiwa kufanya. Kifungu cha 135 kinafundisha namna ya kuiandika: kwanza kosa na kifungu cha sheria kilichovunjwa, kisha maelezo ya kosa kwa lugha ya kawaida. Na Mahakama ya Rufani ilishasema, katika shauri la Mussa Mwaikunda dhidi ya Jamhuri la mwaka 2006, kwamba mshtakiwa hawezi kusikilizwa kwa haki kama hajui kesi inayomkabili, na kwamba atajua tu pale hati inapotaja vile viungo vinavyolifanya kosa liwe kosa. Hati ya shauri lile ilikosa kiungo kimoja cha msingi. Hukumu ikatenguliwa.

Mahali pengine kazi hii anaifanya hakimu. India, nchi ambayo sheria zake za jinai zilitumika Tanganyika hadi 1930, jaji husikiliza pande zote mbili kwanza, anaangalia kilichokusanywa na wapelelezi, kisha yeye mwenyewe ndiye anayeunda shtaka. Kwetu shtaka linaandikwa na upande wa mashtaka, na mahakama inalichuja hatua kwa hatua. Hakimu anaweza kulikataa mlangoni kama halionyeshi kosa lolote. Hicho ni kifungu cha 129. Anaweza kuagiza lirekebishwe kesi ikiwa inaendelea. Hicho ni cha 234. Mashahidi wa Jamhuri wakimaliza, anajiuliza kama kuna kesi ya kujibu, kwa kipimo cha shauri la Bhatt lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1957: je, mahakama yenye busara, inayoelewa sheria na ushahidi, ingeweza kumtia hatiani mtu huyu kama asingejitetea kabisa? Na mwisho ni rufani, ambako majaji wanaangalia kama kasoro ya hati ilimnyima mshtakiwa haki yake.

Haya yote nilikuwa nayo kwenye madaftari. Nikamwandikia mama: "Mwambie mjomba asiwe na wasiwasi. Hati haina kitu. Asiseme chochote, nakuja baada ya mtihani."

Hiyo "asiseme chochote" ndiyo iliyoniletea makala hii.

Nilifanya mtihani, nikapanda basi hadi Kahama, na siku ya pili nikaondoka na mama kwenda Geita kwa njia ya Kakola. Njia ile inapita jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na sidhani kama kuna mtoto wa Kahama wa rika langu anayepita pale bila kukumbuka mwaka 2017. Nilikuwa kidato cha kwanza. Mwezi Machi makontena ya makinikia yalizuiwa kusafirishwa nje. Mei ikaja ripoti ya kamati ya Profesa Mruma, Juni ya kamati ya Profesa Osoro, na Julai kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ikapelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190: bilioni 40 kodi, bilioni 150 adhabu na riba. Mwalimu wetu wa hesabu alituandikia namba ile ubaoni kwa shilingi na tukahesabu sifuri hadi kengele ikalia. Mtaani kwetu kila mtu aligawa pesa ile kwa idadi ya Watanzania na akajua atanunua nini.

Oktoba 2018, nikiwa kidato cha pili, kampuni za migodi hiyo pamoja na watu waliokuwa viongozi wake walifikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa hati yenye mashtaka 39, yakiwamo ya kukwepa kodi, kughushi na kutakatisha fedha. Baba alisema mezani, "Sasa wamekamatwa." Kwake yeye bili ya 2017 na hati ya 2018 vilikuwa kitu kimoja.

Havikuwa kitu kimoja, na nilikuja kulielewa hilo chuoni tu. Bili ya kodi ni madai. Ukiibishia unapeleka pingamizi kwa Kamishna, ukishindwa unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani. Huko 2016 Baraza lilikwishaitaka kampuni hiyohiyo ilipe kodi ya zaidi ya dola milioni 41 baada ya kuona ilikuwa inalipa gawio kwa wanahisa huku ikisema haipati faida hapa nchini. Hayo ni mambo mazito, lakini hakuna mtu anayekwenda gerezani kwa njia hiyo. Jinai ni jambo jingine. Huko lazima umtaje mtu, utaje tendo, utaje siku, na uthibitishe bila kuacha shaka. Namba ya kutisha haiwezi kuziba nafasi ya tendo. Ile bilioni 190 yenyewe iliishia kwenye makubaliano: Barrick waliichukua Acacia mwaka 2019, Januari 2020 wakatia saini na Serikali, ikazaliwa kampuni ya Twiga ambayo Serikali ina asilimia 16, na malipo yaliyokubaliwa kumaliza mgogoro yakawa dola milioni 300.

Nilimweleza mama haya yote ndani ya basi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mjomba wako je, ni bili au ni jinai?"

"Ni jinai, mama."

"Basi Bulyanhulu tuiache kwanza."

Mjomba alikuwa ameshapata wakili, mama mmoja mtu mzima mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Tulimwamkia, akatukaribisha viti vya plastiki. Kitu cha kwanza alichouliza kabla hata hajavaa miwani: "Kuna utakatishaji fedha humo?"

Nikamwambia hakuna, mawili tu.

"Mshukuruni Mungu. Mjomba wako atakuwa analala kwake."

Nilijua anamaanisha nini. Kifungu cha 148(5) kinazuia dhamana kwa makosa kadhaa, utakatishaji ukiwamo. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba, na miezi mitatu haikutimia Mahakama ya Rufani ikasema kiko sawa, katika shauri la Dickson Sanga. Ndiyo maana kwenye kesi za kodi shtaka moja linaloongezwa mwishoni mwa hati linaweza kuwa zito kuliko yote yaliyotangulia: linaamua mtu atasubiri kesi yake akiwa nyumbani au akiwa mahabusu, kabla ya shahidi yeyote kufungua mdomo.

Basi nikatoa mpango wangu. Nilikuwa nimeuandaa kwenye daftari, na vifungu nimevipigia mstari. Nilisema: hati ina kasoro, lakini tukiitaja leo watairekebisha. Tukae kimya. Mjomba akane mashtaka yote, walete mashahidi wao wayumbe, na ikitokea ametiwa hatiani tunakwenda rufani na Mwaikunda mkononi. Hukumu inafutwa. Niliona ni mpango safi sana.

Wakili aliniangalia kwa muda. "Rufani watakuuliza swali moja: mlikuwa wapi siku zote hizo? Soma na Jamali Ally."

Nilikuwa nimeisoma, ila niliisoma kwa haraka ya mtihani. Katika shauri la Jamali Ally, Mahakama ya Rufani ilikuta hati yenye kasoro ya vifungu, ikaangalia maelezo ya kosa na ushahidi, ikaona mshtakiwa alielewa vizuri anashtakiwa kwa lipi, na ikasema kasoro ile inatibika chini ya kifungu cha 388. Kwa hiyo kipimo si uzuri wa hati kama karatasi. Kipimo ni kama mtu huyu alielewa na kama aliweza kujitetea. Na Katiba yenyewe, ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zitende haki bila kufungwa mno na ufundi wa kisheria.

"Lakini huyu haelewi," nikasema. "Hati haimwambii kitu."

"Basi kama haelewi, aseme haelewi. Huwezi kusema 'sielewi' miaka miwili baadaye wakati siku ile ulikuwa umekaa hapa na mpwa wako msomi mnapiga hesabu." Alisema bila ukali. Kisha akamgeukia mjomba. "Kaka, kesi ni yako. Kuna njia mbili. Unataka ipi?"

Mjomba alikuwa amekaa kimya muda wote, kofia yake iko magotini. Si mtu wa maneno mengi.

"Mimi sijasema sina kosa," alisema. "Nimesema waniambie ni lipi. Duka lina miaka kumi na moja. Yako ninayoyajua na yako nisiyoyajua. Wakinitajia siku, nitasema ndiyo au hapana. Lakini 'wateja mbalimbali' nitawajibu nini? Hata usiku silali, kila mteja nikimkumbuka naona labda ni huyu."

Chumba kilinyamaza. Nilitazama sakafu, maana nilikuwa na sababu yangu ya kutazama sakafu.

Mnakumbuka nilisema nilikuwa nasaidia kaunta likizo. Kila mtu aliyewahi kuuza duka anaijua sentensi hii: "Unataka na risiti au bila risiti?" Bei mbili kwa kitu kimoja. Yenye risiti ina VAT ndani, asilimia 18. Isiyo na risiti inashuka, mteja anafurahi, muuzaji anafurahi, mnagawana kilichopaswa kwenda hazina. Hakuna aliyenifundisha kwamba ni uhalifu. Nilifundishwa kama mtu anavyofundishwa kupanga beringi kwenye rafu. Niliwauliza wateja swali hilo mara nyingi, kwa sauti yangu, nikiwa na miaka 17, 18, 19. Baadhi ya hao "wateja mbalimbali" walikuwa wangu.

Na mpango wangu wa kukaa kimya, nikiuangalia vizuri, ulikuwa na harufu hiyohiyo. Ulikuwa mpango wa kumaliza kesi bila risiti.

Siku ya mahakama chumba kilijaa. Kulikuwa na kesi za wizi wa mawe mgodini, ugomvi wa mipaka ya maduara, kijana mmoja aliyekutwa na dhahabu bila kibali. Hati ya mjomba ilisomwa kwa Kiswahili. Nalitaja hilo kwa sababu si jambo la zamani. Hadi mwanzoni mwa 2021 lugha ya kumbukumbu za mahakama za juu ilikuwa Kiingereza. Februari mwaka huo, pale Dodoma, Rais Magufuli alimsifu Jaji Galeba kwa kuandika hukumu ya Kiswahili katika shauri lililohusu mgodi wa North Mara na akampandisha Mahakama ya Rufani, na mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Lakini siku ile niliona kwamba lugha peke yake haitoshi. Kila neno la hati ile mjomba alilielewa: "kati ya," "mbalimbali," "taarifa." Alielewa maneno yote na hakuelewa shtaka.

Wakili alisimama kabla mjomba hajaulizwa kama ni kweli au si kweli. Hakutoa hotuba. Alisema mteja wake yuko tayari kujibu, ila anaomba aelezwe ni ritani ipi, ya kodi ipi, ya mwezi upi, na ina uongo gani. Na kwa shtaka la pili, ni mauzo yapi, ya siku ipi. Akaongeza kwamba kukusanya mauzo ya mwaka mzima katika shtaka moja ni kubandika makosa mengi chini ya jina moja, na mshtakiwa hawezi kukiri nusu ya shtaka.

Hakimu alimuuliza mwendesha mashtaka swali moja: "Unayo ritani yenyewe?"

Mwendesha mashtaka, kijana ambaye nahisi hakunizidi miaka mingi, alipekua faili lake. Alipekua kwa muda mrefu. Nilimwonea huruma, kusema kweli, kwa sababu dhahiri si yeye aliyeandaa lile faili na lilikuwa moja kati ya mengi aliyobeba kwapani asubuhi ile. Akaomba muda wa kurekebisha hati. Akapewa siku 14.

Nilikuwa nimeshindwa. Kile nilichotaka kukificha kilikuwa kimetajwa hadharani, na sasa wangekwenda kukishona. Nje, chini ya mwarobaini, nilimwambia wakili hivyo. Akasema, "Wakishona vizuri, mjomba wako atajua anapigana na nini. Wakishindwa kushona, utaona wenyewe wataliacha. Njia zote mbili analala."

Baada ya siku 14 hati mpya ilikuja, na shtaka la taarifa za uongo halikuwemo. Limeondolewa. Yaliyobaki yalikuwa mawili, yote ya kutotoa risiti ya mashine, na kila moja na tarehe yake, bidhaa yake na bei yake. La kwanza, mota moja ya karasha, Juni. La pili, mikanda na mipira, Septemba.

Lilisomwa la kwanza. Mjomba alijibu bila kusita: "Si kweli." Siku ile mashine ilikuwa imegoma. Alimpigia fundi, akamwandikia na ujumbe, akamkatia mteja risiti ya kitabu kwa mkono. Nakala ya kitabu alikuwa nayo nyumbani ndani ya sanduku, na sasa alijua aitafute ipi.

Likasomwa la pili. Mjomba akanyamaza. Akamtazama wakili wake, halafu akatazama upande tuliokaa mimi na mama. Kisha akasema, "Hilo ni kweli, mheshimiwa."

Mama alinishika mkono kwa nguvu. Septemba. Nilipiga hesabu kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo: Septemba nilikuwa wapi? Nilikuwa Katoro. Likizo ndefu. Mikanda na mipira, mteja wa kutoka upande wa Nyarugusu, alikuja jioni na pikipiki, akasema ana haraka. Sikumbuki kwa uhakika ni nani kati yetu aliyemhudumia. Nimejaribu sana kukumbuka. Najua tu kwamba mjomba alinitazama kabla ya kujibu, na baadaye, hata mara moja, hakunitajia.

Alitozwa faini kwa lile alilokiri, faini iliyokula faida ya msimu mzima. La kwanza, baada ya kuletewa nakala ya kitabu na ule ujumbe wa fundi, upande wa mashtaka uliomba kuliondoa. Kesi ambayo mimi nilipanga iende miaka miwili hadi rufani iliisha ndani ya miezi mitatu.

Sasa tunapokaa kwenye vimbweta tukijadili kama kasoro za hati ni "ufundi tu" au ni haki, kila upande una hoja na zote nimewahi kuzitoa. Anayesema ni ufundi ana kisa cha mkwepaji mkubwa aliyeachiwa kwa sababu ya herufi. Anayesema ni haki ana Mwaikunda. Mimi siku hizi nauliza swali la mjomba: huyu mtu ameambiwa ni lipi? Kama ameambiwa, kosa la namba ya kifungu lisiwe kichaka cha kujificha. Kama hajaambiwa, basi awe muuza spea wa Katoro au kampuni yenye mgodi, awe mwizi kweli au asiwe, mahakama haijaanza kumsikiliza. Na hasa kwenye kodi, ambako sote tunajua ndani ya roho zetu kwamba kuna siku hatukutoa au hatukudai risiti. Hati isiyotaja siku inamkamata kila mtu, na kwa hiyo anayeishika mkononi anaweza kuchagua yeyote amtakaye.

Tunapaswa pia kuusema upande wa pili, sisi tunaosubiri bumu kila robo na kulalamika likichelewa. Mkopo ule unatoka hazina. Ile asilimia 18 niliyokuwa naigawana na wateja kaunta ilikuwa, pamoja na mambo mengine, godoro la hosteli hii.

Likizo iliyofuata nilirudi dukani. Mjomba amenunua mashine mpya na ameibandika kaunta kwa gundi, utadhani itakimbia. Siku ya pili alikuja mzee mmoja anataka beringi nne na mkanda. Nikamtajia bei. Akasema, "Hiyo ni na risiti. Bila risiti je?"

"Bei ni moja, baba."

Alinitazama, akamtazama mjomba aliyekuwa anapanga mipira kwenye kona. Mjomba hakugeuka. Yule mzee akachukua kofia yake, akavuka barabara, akaingia duka la mbele. Baada ya dakika kumi nilimwona anatoka na beringi nne na mkanda begani.

Mjomba alimaliza kupanga mipira, akajifuta mikono. "Andika hiyo beringi bado zipo nane," akasema.

Nikaandika.